Wifi Yangu na Mifumo Minne

Jumatatu, 6 Mei

Muhula umefunguka na mvua, na wifi yangu ameingia ofisini mkavu.

Tunatoka nyumba moja, tunapita njia moja, tumeondoka saa moja ileile. Mimi niliingia nikichuruzika kama shuka lililosahauliwa kambani. Yeye alisindikizwa na kaka yake, yaani mume wangu, chini ya mwavuli. Nyumba yetu ina mwavuli mmoja. Hadi leo sikujua kuwa una zamu, na kwamba zamu yangu imekwisha.

Mkuu wa shule akatukusanya chumba cha walimu. "Huyu ndiye mtaalamu wetu wa muhula huu. Atatuunganishia mifumo." Makofi. Mpishi wa shule, aliyekuwa analeta chai, akaweka birika chini ili apige makofi vizuri.

Niandike mwenyewe, maana hakuna mwingine atakayeandika. Shule hii ina mifumo minne ya kompyuta: wa usajili, wa alama, wa maktaba, na wa kutuma ujumbe kwenye simu za wazazi. Kila mmoja uliletwa na mkuu wake kutoka kwa muuzaji wake, na yote inaishi kama wake wenza: paa moja, salamu hakuna. Aliyekuwa akipeleka habari kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, kwa flashi na vidole kumi, miaka tisa, ni mimi, karani wa kumbukumbu. Makofi sijawahi kuyasikia.

Jumatano, 8 Mei

Mvua. Kikao cha wifi.

"API ni kama dirisha la ofisi," ametufafanulia, na mikono yake ikachora dirisha hewani. "Mfumo mmoja unakuja dirishani, unajitambulisha, unaomba unachotaka. Ukiwa na ruhusa, unapewa. Hauingii ndani, haupekui makabati. Unapewa ulichoomba, unaondoka."

Mwalimu wa hesabu, ambaye wanafunzi wanamwita Kipeo, akauliza, "Na dirishani anakaa nani?"

"Hakai mtu, mwalimu."

"Kumbe ni karani asiyelala!" Mkuu akadakia, raha imemjaa. "Halali, haombi ruhusa, haendi msibani!"

Wakacheka wote, halafu mmoja mmoja wakakumbuka kwamba nimo chumbani. Mimi nilicheka pia. Nilihakikisha nimekuwa wa mwisho kunyamaza, watu wasije wakasema nimeumia.

Mwaka jana nilikwenda msibani mara moja. Alikuwa mama yangu.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua. Mwavuli, kama jana.

Jumapili, 12 Mei

Mama mkwe amekuja tena. Zamani alikuwa anatutembelea mara mbili kwa mwaka, na mara moja kati ya hizo ilikuwa kwa bahati mbaya. Tangu binti yake ahamie kwetu, kila Jumapili miguu haimuumi.

"Mwanangu amekonda," akasema, akimtazama wifi, ambaye hajakonda. "Hiyo kazi ya kichwa inamaliza mtu."

"Hata ya vidole inamaliza, mama," nikasema.

"Ya vidole unalala, asubuhi vimepona."

Mume wangu, ambaye ni fundi wa friji na anajua kuyasikia matatizo kabla hayajaanza, akatoka nje kwenda kutazama kitu ambacho hakikuwepo.

Wifi hana kosa, najua. Ni mpole, anaosha vyombo, ananiita wifi kwa sauti nzuri. Ndiyo maana inaniwia vigumu. Mtu mbaya ukimwonea wivu unajiona una akili; mtu mwema ukimwonea wivu unajiona ulivyo. Mwaka alioingia chuo ndio mwaka niliopata nafasi ya kozi ya kompyuta. Nyumba moja haikuweza kuwapeleka wawili, wakakaa wakubwa, ikaamuliwa. Mimi nikaenda kufagia shuleni. Kompyuta nimejifunza kwa kufuta vumbi kibodi za wenzangu, polepole, huku nikitazama wanabonyeza nini. Karani aliyekuwepo alidhani mimi ni msafi sana.

Jumatatu, 13 Mei

Leo nimechekesha ofisi nzima.

Wifi alikuwa na orodha ya maswali ya kuthibitisha kabla ya kuunganisha. Akayasoma mbele ya Mkuu, Kipeo na mkutubi, kalamu mkononi, kama ananisahihisha mtihani. Alipofika la saba: "Wifi, namba ya usajili ya mwanafunzi ni yake peke yake, sivyo? Haihami kwa mtu mwingine?"

Nikamtazama. Nikawatazama wengine. "Kwani wifi, huko chuoni mlifundishwa namba zina miguu?"

Kipeo alicheka mpaka akashika meza. Mkuu alifuta machozi. Wifi naye akacheka, uso umemwiva kidogo, akaweka alama ya vema kwenye swali la saba.

Siku njema kuliko zote tangu muhula uanze.

Sasa ni saa ya chai na nimebaki peke yangu, basi niliandike lililobaki. Namba zangu zina miguu. Mkuu aliyetangulia alikuwa hapendi pengo katika daftari la usajili. Pengo kwake lilikuwa ushahidi wa uzembe. Mwanafunzi akihama, namba yake nilimpa atakayehamia. Daftari likabaki limejaa kama mahindi kwenye gunzi. Nani alikuwa namba gani, lini mpaka lini, ninajua mimi. Hakuna aliyewahi kuuliza, maana kila kilichotoka mfumo huu kwenda ule kilipitia kwangu, nami nilikuwa nachambua njiani kama mtu anayechambua mchele.

Nitamwambia kesho.

Jumanne, 14 Mei

Sikumwambia. Mkuu alikuwepo.

Ijumaa, 17 Mei

Leo Mkuu hakuwepo. Sikumwambia vilevile. Nimeanza kuona kwamba tatizo si Mkuu.

Jumanne, 21 Mei

Nimejitia hamnazo kwa wiki nzima, nikamuuliza wifi maswali ya kijinga, naye akanijibu yote kwa subira. Kwa njia hiyo amenifundisha kusoma orodha ya mazungumzo ya mifumo bila kujua kwamba amenifundisha. Kila mfumo ukiomba kitu dirishani, unajibiwa kwa namba. Nimeziandika.

404: unachotafuta hakipo.

401: hatukujui, jitambulishe.

403: tunakujua vizuri, na ndiyo maana hupiti. Hii ni jiko la mama mkwe.

500: kosa ni letu, lakini usituulize lipi. Hii ni mume wangu.

200: sawa, umepewa.

Nimemuuliza, "Sasa wifi, hiyo 200 ikitoka, ina maana kilichotolewa ni sahihi?"

Akafikiri. Nilipenda alivyofikiri, nilichukia kwamba nilipenda. "Ina maana kilichoombwa kimetolewa. Kama ndani ya kabati kuna uongo, utapewa uongo, na utaambiwa 200."

Jumatatu, 3 Juni

Wameunganisha.

Kazi iliyokuwa inanichukua wiki tatu kila muhula imechukua dakika nne. Nilikuwa naangalia saa ya ukutani. Wifi alibonyeza, mistari ikashuka kwenye kioo, 200, 200, 200, kama mvua ya juu ya bati. Mifumo minne imeamkiana. Zaidi ya hapo, mwaka huu Bodi ya Udahili imefungua dirisha lake: badala ya mimi kuwajazia fomu watahiniwa wa mwaka wa mwisho kwa mkono, mfumo wa Bodi utakuja wenyewe kuchukua alama za miaka minne za kila mmoja na kuamua nani anaingia chuo gani.

Mkuu amemshika wifi mkono kwa mikono miwili.

Mimi nilipewa kazi ya kupanga upya makabati.

Ijumaa, 7 Juni

Mpishi amekuja dirishani kwangu, simu ameinyoosha mbele kama samaki aliyeoza.

"Dada karani, hebu nisomee hapa. Eti mwanangu hajarudisha vitabu saba vya maktaba?"

Binti yake yuko mwaka wa mwisho hapa kwetu. Wenzake wanamwita Profesa, na hawamtanii. Ndiye wa kwanza katika fizikia, anataka chuo cha uhandisi, na tangu ahamie mwaka wa tatu hajawahi kuchelewesha hata rula. Nikatazama tarehe za kuazima. Vitabu viliazimwa miaka mitatu iliyopita, kabla hajaijua shule hii.

Namba 212. Nilijua kabla sijamaliza kusoma. Kabla yake, 212 alikuwa kijana mmoja mtoro aliyehamia kwingine akiacha madeni ya vitabu na sifuri za kutosha kufungulia duka la pete.

"Ni kompyuta tu, mama," nikasema. "Hawa wanaounganisha... unajua tena. Mambo mapya."

"Mimi nilisema," akajibu. "Zamani ulipokuwa unafanya wewe hatukuona haya."

Nimelirudia hilo neno mchana kutwa, kimoyomoyo, kama peremende.

Jumatatu, 10 Juni

Mvua imekatika. Upepo umeanza, mkavu, unaingiza mchanga kwenye kibodi. Mwavuli umetundikwa. Nilidhani nitafurahi.

Ijumaa, 14 Juni

Ujumbe mwingine kwa mpishi: *Mzazi, mwanao hakuhudhuria siku sitini na moja.*

Safari hii hakuja dirishani. Alimfuata binti yake uwanjani, mbele ya wenzake, akiwa na mwiko mkononi.

"Sitini na moja! Unapotoka nyumbani asubuhi na sare unakwenda wapi?"

"Mama, nipo kila siku! Waulize walimu!"

"Simu ya shule ndiyo imesema! Shule itasema uongo kwa faida gani?"

Profesa hakulia. Alisimama tu akitazama mwiko. Kipeo akaenda kuamua, akamwambia mpishi kuwa mtoto huyu hajakosa kipindi chake hata kimoja. Mpishi akashusha mwiko, lakini kwa namna ya mtu aliyeamua kuamini baadaye.

Wifi alitoka mbio kuomba radhi. Alisema atatafuta kosa liko wapi. Amekaa na kompyuta hadi saa kumi na moja jioni, hajala, nami nimekaa meza ya pili nikipanga makabati yaliyokwisha kupangwa.

Ningeweza kusema kwa neno moja. Nilihesabu: "mbili-kumi-na-mbili" ni maneno manne. Labda ndiyo sababu.

Jumanne, 18 Juni

Mkuu amemuuliza wifi mbele yangu, "Hivi una uhakika unajua unachokifanya?" Nilichokisubiri tangu tarehe sita Mei kimefika. Hakikuwa na ladha niliyoitegemea.

Alhamisi, 20 Juni

Orodha ya awali ya Bodi imetoka. Profesa hayumo.

Si kwamba yuko chini. Hayumo. Kipeo aliisoma mara tatu, akavua miwani, akaisoma bila miwani. Akafungua ukurasa wa mtoto: wastani wa miaka minne, arobaini na saba. Miaka miwili ya mwisho ni ya kwake, tisini na kitu kila mahali. Miwili ya mwanzo ni sifuri, na "hakufanya", na "hakufanya".

"Hii si ya huyu mtoto!" Kipeo akapiga kelele. "Alitoka shule aliyotoka akiwa wa kwanza! Vyeti vyake viko wapi?"

Viko kabatini kwangu, jalada la kijani. Havijawahi kuingizwa kwenye mfumo, kwa sababu nilikuwa navinakili kwa mkono kila vilipotakiwa. Nikavitoa. Nikawa wa kwanza kuvitoa, nikasifiwa kwa kuvitunza. Ndivyo nilivyo.

Mpishi aliingia na aproni, mikono imelowa. Hakupiga kelele. Alimwendea wifi, akasimama karibu sana. "Wewe una mama?"

"Ninaye."

"Alikusomesha?"

"Alinisomesha."

"Basi mimi sikuulizi mambo ya kompyuta. Nakuuliza hilo tu."

Mkuu akamwambia wifi ana mpaka Ijumaa ijayo. Siku hiyo saa kumi dirisha la Bodi linafungwa kwa masahihisho, na asipokuwa amerekebisha, mtoto amekosa chuo, na mkataba wake yeye umekwisha. Wifi akaitikia kwa kichwa. Kwangu hakuangalia hata mara moja. Niliona ajabu kidogo, lakini nilikuwa na shughuli nyingi za kujiangalia mwenyewe.

Jumapili, 23 Juni

Mama mkwe amekuja, akakuta binti yake amejifungia chumbani. Amekaa sebuleni saa nzima bila kumsifia mtu. Alipoaga alinishika mkono mlangoni. "Uko naye kule kazini. Mtazame, mwanangu."

Mimi. Mwanangu. Miaka kumi na minne ya ndoa, na nimepewa neno hilo leo.

Mume wangu baada ya chakula: "Kuna kitu unakijua."

"Kitu gani?"

"Sijui. Friji ikiwa imekufa inanyamaza. Yenye kasoro ndiyo inayounguruma. Wewe wiki hii umepanga kabati letu la nguo mara mbili."

Jumatatu, 24 Juni

Nimesema. Niandike yote kama yalivyokwenda, nisijipambe.

Nilifika kabla ya wote. Wifi alikuwa ameshafika. Nikafunga mlango.

"Wifi, nina neno."

"Sema, wifi."

"Lile swali lako la saba. Nilikujibu mzaha. Namba zinahama. Akihama mwanafunzi, namba yake nampa mwingine. Ziko thelathini na moja. Mwaka wa mwisho ni watatu, na mmoja wao ni yule mtoto."

Nilitegemea mshangao. Nilikuwa nimejiandaa kwa mshangao, hata kwa matusi. Nilikuwa nimechagua matusi mawili nitakayoyakubali. Yeye akageuza kioo cha kompyuta kunielekea. Kulikuwa na namba 212 peke yake, mistari miwili: maktaba ilikuwa inamjua kama mvulana, na usajili ulikuwa unamjua kama msichana.

"Najua," akasema. "Tangu Alhamisi."

"Alhamisi ipi?"

"Ile orodha ilipotoka. Nilikaa nikajiuliza, mbona wifi amelitoa jalada upesi hivyo?"

"Na hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe." Akaokota karatasi kwenye mashine ya kuchapia. "Nikaona labda hutasema. Basi nikaandika hii."

Ilikuwa barua kwa Bodi. Ilisema kosa limetokana na muunganiko wa mifumo, na mhusika ni mtaalamu aliyeunganisha. Chini palikuwa na jina lake, na saini.

"Mkataba wangu ni wa muhula mmoja tu," akasema. "Wewe una miaka tisa hapa. Na tukitoka hapa tunarudi nyumba moja, tunakula sufuria moja. Ningekusema mbele ya watu tungeishije?"

Natafuta neno la nilichohisi. Aibu, ndiyo. Shukrani, kidogo. Lakini juu ya yote, na Mungu ananiona, nilikuwa na wivu. Nilikuja na kosa langu nimelivalisha vizuri, tayari kulionyesha, nikakuta mwenzangu ameshalivaa yeye na limemkaa. Hata kwenye wema amenitangulia.

Tukapiga simu Bodi, sauti nje. Ofisa aliyepokea ni mwanamke mwenye sauti ya mtu anayekula karanga.

"Kosa la muunganiko?" akasema. "Basi tunafunga dirisha la shule yenu mpaka wakaguzi waje. Watahiniwa wenu mia moja na kumi na wanne wote watasubiri mwakani."

Wifi akashika kichwa. "Na kama kosa ni la daftari la shule?"

"Hilo jingine. Mtunza daftari aandike kwa jina lake, asaini, ataje kila namba iliyokosewa: ilikuwa ya nani, lini mpaka lini. Tunasahihisha hizo tu. Mwisho Ijumaa saa kumi. Na barua inabaki kwenye jalada lake la utumishi, mama, asije akadhani inapotea."

Simu ikakatika. Wifi akaichana barua yake mara mbili, kisha akakata tamaa. "Haiwezekani. Hakuna mahali palipoandikwa ilikuwa ya nani lini."

"Pako," nikasema. "Andika."

Nikaanza. Namba 19: binti wa fundi cherehani, aliondoka mwaka wa pili, muhula wa kwanza, wiki ya tatu, akaingia mvulana mwenye kovu nyusini, Februari, siku ya Jumanne. Namba 44. Namba 57, ilibadilika mara mbili. Wifi akawa anaandika na kulinganisha na tarehe za maktaba, kila moja inakubali. Tulipofika ya ishirini na tatu akaacha kuandika.

"Wifi, unakumbukaje yote haya?"

Alinitazama jinsi watu wanavyomtazama yeye. Mtazamo huo niliupokea nikauweka mahali salama, halafu nikasema, "Namba 212."

Jumanne, 25 Juni

Ofisini kwa Mkuu, na barua yenye saini yangu.

"Uliulizwa mbele yangu," akasema.

"Niliulizwa."

"Ukachekesha."

"Nikachekesha."

"Na mimi nikacheka." Hilo lilimuuma kuliko mengine. Akagonga muhuri kwa nguvu mpaka kikombe kikaruka.

Kisha nikaenda jikoni, maana hilo nalo halikuwa na mtu wa kulibeba. Nilimwambia mpishi yote, nimesimama kati ya masufuria. Alisikiliza huku anakoroga. Nilipomaliza akasema, "Mwanangu nilimwita mwongo mbele ya watoto wa watu."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungesema siku ile ya vitabu." Akafunika sufuria. "Toka, moshi utakuumiza macho."

Hapakuwa na moshi.

Ijumaa, 28 Juni

Masahihisho yamepokelewa saa tisa na dakika ishirini. 200, thelathini na moja. Safari hii nilifungua ukurasa mmojammoja nikasoma kilichomo ndani.

Jumatano, 10 Julai

Barua ya onyo imefika. Imeandikwa kwa lugha nzuri.

Wale wawili wengine wa mwaka wa mwisho walikuwa wamerithi namba za watu wenye akili, ndiyo maana hawakulalamika. Baada ya masahihisho mmoja ameshuka akabaki kwenye orodha; mwingine ametoka. Mama yake alikuja dirishani akaniambia maneno mengi. Niliyastahili yote, isipokuwa moja kuhusu mama yangu, na hilo pia nikalinyamazia.

Ijumaa, 12 Julai

Orodha ya mwisho. Chuo cha uhandisi, nafasi ya nne: Profesa.

Vigelegele vilitoka jikoni vikafika ofisini kabla ya mpishi. Aliingia, akampita Mkuu, akampita Kipeo aliyekuwa ameshafungua mikono, akamkumbatia wifi mpaka miwani ya wifi ikaanguka. "Mwanangu," akamwita. "Mwanangu, nisamehe."

Wifi alikuwa anajaribu kusema kitu, ananionyesha kwa mkono juu ya bega la mpishi. Nikatikisa kichwa. Aache. Nilichokifanya ni kurudisha cha mtu. Hakuna wimbo kwa hilo.

Mpishi alipogeuka akaniona. "Karani," akasema. Zamani ilikuwa dada karani. Lakini ni salamu, na ni ya kwanza tangu siku ya masufuria.

Baadaye Profesa mwenyewe alikuja dirishani kuchukua barua yake.

"Ni kweli namba yangu ilikuwa ya mtu mwingine?"

"Ni kweli. Kosa langu."

Akatafakari kama wanavyotafakari watu wa fizikia, bila hasira, akitafuta tu jinsi mambo yalivyokwenda. "Na sasa yangu ni ipi?"

"Elfu moja na arobaini na sita."

"Ilikuwa ya nani?"

"Haikuwa ya mwingine. Haijawahi, na haitakuwa."

Akaiandika kiganjani kwa kalamu yangu, akaondoka nayo kalamu.

Ijumaa, 26 Julai

Tumefunga muhula. Daftari la usajili sasa lina mapengo thelathini na moja, na wifi amenitaka niyaache wazi. Amependekeza kwa Mkuu kwamba kila data itakayotoka hapa kwenda nje ipite kwanza mbele ya macho ya mtu, na mtu huyo niwe mimi. Mkuu amekubali, kwa sauti ya mtu aliyemeza kidonge bila maji.

Kisha akatangaza, mbele ya wote, kwamba wifi ameongezewa mkataba wa miaka miwili. Makofi. Mpishi aliweka birika chini. Mimi nilivuka chumba, nikampa mkono, nikampongeza.

Halafu nikarudi nikampongeza tena, maana ya kwanza haikutoka vizuri.